Kanuni za usalama wa bomba la gesi: je, ni kupandisha bei tu?

Wengi Dar es Salaam huamini kuwa kanuni za usalama wa mabomba ya gesi asilia hupandisha bei tu, kwani bomba la chuma likishafukiwa kazi imekwisha.

Gharama zipo kweli, na mlaji huzilipia. Ila udongo wenye unyevu na chumvi, kama wa pwani, hukila chuma pale kinga yake ya nje ilipochubuka. Ndiyo maana bomba hupitishiwa umeme mdogo wa kuzuia kutu. Fundi hupima volti ya bomba kwenye nguzo ya vipimo, yaani nguzo fupi yenye waya uliounganishwa na bomba, akiilinganisha na elektrodi ya shaba na salfeti ya shaba iliyogusishwa udongo. Kwa kawaida hutakiwa asome hasi 0.85 volti au hasi zaidi ya hapo. Waya unaoleta umeme huo wa kinga ukikatika, juu ya ardhi hakuna dalili, na kutu inaendelea. Kupima ni nafuu mno kuliko kufukua na kubadilisha kipande, achilia mbali moto.

Si kila kanuni inalipa, lakini. Kukagua porini mara nyingi sawa na kwenye makazi yaliyobanana ni kupoteza fedha. Hesabu ya haki huzidisha uwezekano wa ajali kwa hasara yake, ndipo ilinganishwe na gharama. Kuuliza kabla ya kuchimba karibu na mkuza, yaani ukanda wa ardhi linamopita bomba, kwa mfano, hakugharimu kitu, na jino la kijiko cha mtambo wa kuchimbia hutoboa bomba kwa dakika moja.

Ukiambiwa kanuni fulani ni ghali, uliza: gharama imegawanywa kwa miaka mingapi? Hasara zipi zimeachwa nje? Barabara kufungwa, na umeme kukatika kwa kuwa mitambo inategemea gesi hiyohiyo, mara nyingi havihesabiwi.