Kuwa na sifa za CPA sio kuwa CPA

Juzi Jumamosi nilikuwa kwenye sendofu moja huku Kisasa, Dodoma, MC akamwita mbele kaka wa bibi harusi kwa jina la "CPA fulani", ukumbi mzima vigelegele, na kijana mwenyewe namjua vizuri, kamaliza digrii ya uhasibu mwaka jana na pepa ya bodi ya wahasibu hajakalia hata moja. Tulivyokutana kwenye foleni ya chakula nikamuuliza, mdogo wangu imekuwaje tena, akanijibu kwa moyo mweupe kabisa, "Bro, si nina sifa za CPA tayari?" Hakuwa anadanganya, anaamini hivyo, na nimeshaisikia kauli hiyo kwa vijana wengi mno hapa Dodoma, ndo maana naandika.

CPA (Certified Public Accountant) kwa hapa kwetu Tanzania ni mhasibu aliyemaliza mitihani ya NBAA, yaani Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, kisha bodi hiyohiyo ikamsajili. Basi. Bodi iliundwa kwa sheria ya 1972, na makao makuu yako hapahapa Tambukareli, jengo la Ukaguzi, kwa iyo mtu wa Dodoma akitaka kuuliza anafika na daladala tu.

Kinachotuponza ni hili neno sifa. Limetoka kwenye Kiarabu, kwenye mzizi wa kueleza kitu kilivyo, na humohumo ndo tumepata wasifu, ule unaoambatanisha kwenye maombi ya kazi. Yaani kiasili sifa ni maelezo tu: huyu yukoje. Ila Kiswahili kikalisogeza, sifa ikawa pia kusifiwa, tunasema fulani anapenda sifa, fulani kajipatia sifa kijijini kwao. Sasa kijana akisoma tangazo "sifa za kujiunga" anaiona ile sifa ya pili, ya heshima, anahisi ameshatunukiwa kitu, kumbe tangazo linaongea ile ya kwanza, linakueleza ulivyo siku unayogonga mlango, uko na nini mkononi, ili wajue wakuanzishie wapi. Kugonga mlango bado sio kuingia ndani jamani.

Na milango yenyewe iko tofauti. Aliyetoka sekondari anapitia ATEC, mitihani ya bodi ya ngazi ya fundi hesabu, ina hatua mbili. Mwenye digrii isiyo ya uhasibu anaanzia faundesheni, ngazi ya kwanza ya mitihani ya CPA. Mwenye digrii ya uhasibu anarukishwa hapo anaanzia intermidieti, ngazi ya kati kabla ya fainali, na huo msamaha nao watu wanausema vibaya, "nimeshapita faundesheni", hapana, hujapita, umesamehewa kwa sababu mambo yale umeshayasoma chuo. Ukiangalia video za Wamarekani utasikia habari za saa 150 za masomo ya chuo, hizo zimezoeleka kwenye majimbo ya kwao, usije ukaanza kuhesabu masaa yako ya UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma.

Nikachukua tishu pale mezani, nikaomba kalamu kwa mtu wa kamati, nikamchorea: intermidieti B1 mpaka B6, pepa sita, fainali C1 mpaka C4, pepa nne, mitihani Mei na Novemba. Tishu ikachanika nikiwa kwenye B4 nikachukua nyingine. Akazitazama zile namba kumi kimya kimya, wali unapoa. Nikamuongezea kwamba hata ukimaliza C4 kuna uzoefu wa kazi wa miaka 3 ndo usajiliwe daraja la CPA kamili, hapo ndo herufi zinakaa mbele ya jina kihalali.

Serikalini tofauti hii wanaijua siku nyingi, soma matangazo ya Utumishi kwa makini, kuna Afisa Hesabu na kuna Mhasibu, mtaani tunawaita wote wahasibu maana wote wanashika hesabu, na kweli mhasibu na hesabu ni mzizi mmoja, lakini kwenye muundo wa ajira digrii yako ya uhasibu inakupeleka kwa Afisa Hesabu, na Mhasibu wanamtaka mwenye CPA. Nawaonea huruma sana wanaotuma maombi nafasi sio yao halafu wanakaa wanasubiri kuitwa kwenye usaili, simu haiiti, wanaanza kusema kuna kujuana.

Kwa iyo mdogo wangu, na wengine mlio kama yeye, digrii yako ni kubwa na umeitolea jasho, iseme kwa jina lake. Ukiulizwa jibu "nina shahada ya uhasibu, naanzia intermidieti", na ukishajisajili kwa bodi sema "ni mtahiniwa wa NBAA". MC naye mwandikie hivyohivyo kwenye karatasi kabla hajashika maiki.