Mzee mwenye dimenshia katika familia ya Wamarekani Weusi: maswali na majibu

Nahudumia wazee majumbani huku Marekani. Kwa nini familia za Weusi zizungumziwe peke yake?

Kwa sababu mzigo wao ni mkubwa. Mmarekani Mweusi mzee yuko kwenye hatari ya kupata dimenshia, yaani maradhi ya ubongo yanayoharibu kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, takriban mara mbili ya Mzungu wa rika lake. Shinikizo la damu na kisukari vinachangia. Wengi pia huchelewa kupimwa.

Mbona wanamtilia shaka daktari?

Wana sababu. Kuanzia 1932 hadi 1972, huko Tuskegee, Alabama, idara ya afya ya serikali iliwafuatilia mamia ya wanaume Weusi wenye kaswende bila kuwatibu, hata penisilini ilipokwisha kupatikana. Wajukuu hawajasahau. Basi mzee akishindwa kula vizuri, ukianza na "tusimwekee mpira wa kulishia", ule unaopeleka chakula tumboni, binti yake anasikia "mmeshamchoka".

Anza na kile mtakachofanya. Dimenshia ikishakomaa, mpira haujaonyesha kumrefushia mgonjwa maisha, wala hauzuii chakula kupalia mapafuni. Madaktari wa wazee hushauri kulisha kwa mkono: aketi wima, kijiko kidogo, umsubiri ameze ndipo uongeze. Ni kazi ya subira, na mwonyeshe binti jinsi ya kuifanya badala ya kumpa karatasi asome.

Nimuulize nani uamuzi?

Kisheria ni yule aliyeteuliwa na mzee kwa maandishi, kwa hiyo hati isainiwe mapema, akili yake ikiwa bado timamu. Ila kikaoni usishangae kumkuta mchungaji, au jirani anayeitwa shangazi bila kuwa na undugu wa damu. Waache wakae. Kanisa lina nguvu hapa: mpango wa Alter, ulioanzia Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, unayasaidia makanisa ya Weusi kuwapokea waumini wenye dimenshia pamoja na wanaowauguza.

Wakikataa nyumba ya wazee?

Wengi walimwahidi mama hatapelekwa huko. Usibishane nao, zungumzia kituo cha mchana, au mtu wa kuwapokea zamu wapumzike.

Nimwiteje mzee mwenyewe?

Kwa jina la ukoo, tuseme Bi. Johnson, mpaka mwenyewe aseme vinginevyo. Enzi za ubaguzi kule Kusini, Wazungu walimwita mtu mzima Mweusi kwa jina la kwanza kama mtoto, makusudi. Mama wa miaka 88 aliyesahau leo ni siku gani anaweza kuisikia dharau hiyo mara moja, akagoma kuogeshwa nawe.