Dole gumba la mguu likivimba, usiishie duka la dawa

Asidi ya yuriki ni nini?

Ni taka inayobaki mwili unapovunja purini zilizomo kwenye seli zetu na kwenye chakula. Figo huitoa kwa mkojo. Ikizidi, huweza kuganda kwenye viungo, hasa dole gumba la mguu. Hiyo ndiyo gauti, au jongo.

Nimeacha nyama nyekundu, mbona bado naumwa?

Kwa sababu nyama ni sehemu ndogo tu ya chanzo cha asidi hii. Asidi nyingi hutengenezwa na mwili wenyewe, na kwa wagonjwa walio wengi shida ni figo kutoitoa ya kutosha. Mwenye kitambi mara nyingi ana insulini (homoni inayodhibiti sukari) nyingi kwenye damu, nayo huzifanya figo ziirudishe asidi badala ya kuimwaga. Ndiyo maana gauti huandamana na presha na kisukari. Na wewe umeacha nyama, lakini bia ipo na soda ipo kila siku! Nusu ya sukari ya kawaida ni fruktosi, na fruktosi ikivunjwa kwenye ini huzalisha asidi hiyohiyo.

Diklofenaki ya duka la dawa inanisaidia. Niendelee?

Hapana. Inatuliza maumivu, haishushi asidi. Ukiimeza miezi na miezi bila kupimwa, inapandisha presha na kuharibu figo, zilezile unazozitegemea kutoa asidi. Hospitalini tunawapokea watu wa namna hii wakiwa tayari wamevimba miguu, figo zimechoka, na hawajawahi kupimwa presha. Figo huharibika bila kuuma.

Maumivu yakiisha si nimepona?

Hapana, hujapona! Shambulio la gauti huisha lenyewe baada ya wiki moja au mbili, hata bila dawa. Asidi inabaki pale pale. Nenda kapime presha, sukari, figo na asidi ya yuriki wakati huo unapojisikia mzima, maana katikati ya shambulio kipimo cha asidi huweza kusoma kawaida kikakudanganya.

Na alopurino, dawa ya kushusha asidi, je?

Daktari ndiye anayeianzisha, na lengo huwa asidi iwe chini ya miligramu 6 kwa desilita ya damu. Usiiache kwa sababu tu huumwi. Kama unatumia haidroklorothayazidi ya presha, mwambie daktari, kwani hupandisha asidi. Lakini usiikatishe mwenyewe.

Niende hospitali haraka lini?

Kiungo kikivimba na homa ikapanda, nenda siku hiyohiyo. Yaweza kuwa usaha ndani ya kiungo, hata kama gauti umeizoea.