Kabla ya kuhubiria mioyo, nionyesheni fomu

Nikialikwa mahali kuendesha mafunzo ya kuzuia ubaguzi, mwenyeji wangu huwa na mtu wake kichwani. "Kuna fulani hapa, ukimpa somo atabadilika." Mimi huomba kwanza tangazo lao la mwisho la kazi, fomu ya maombi na maelezo ya jinsi wanavyoendesha vikao. Mbaguzi wa waziwazi yupo, na dawa yake ni sheria na adhabu. Ila wengi ninaowakuta wameachwa nje, wameachwa na utaratibu ambao hakuna aliyeutunga kwa nia mbaya.

Chukua tangazo la nafasi ya mhasibu lenye sharti la leseni ya udereva. Uliza mhasibu huyo ataendesha gari kwenda wapi; wanaangaliana. Kumbe sharti lilinakiliwa kutoka tangazo la zamani la afisa mauzo. Kwa mstari huo mmoja asiyeona ameshatolewa, na pengine mwenye kifafa, na yule ambaye hajawahi kupata pesa ya kujifunza udereva. Hakuna aliyetukanwa.

Wanasheria huuita ubaguzi usio wa moja kwa moja: sharti linasomeka sawa kwa wote, lakini linawachuja baadhi, na kazi yenyewe hailihitaji. Mahakama ya Juu ya Marekani ililizungumzia jambo hili mwaka 1971, katika kesi ya Griggs dhidi ya Duke Power. Kampuni ilidai cheti cha sekondari na kufaulu majaribio kwa kazi ambazo watu wasio na cheti walikuwa wakizifanya vizuri tu. Walioumia zaidi ni wafanyakazi Weusi, waliokuwa wamesomeshwa katika shule duni za ubaguzi. Majaji walisema nia njema haiutakasi utaratibu wa namna hiyo. Huangaliwa matokeo yake.

Hata masharti yakiwa safi, bado kuna jicho linalosoma maombi. Wachumi Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walituma karibu wasifu 5,000 wa kubuni kwa waajiri wa Boston na Chicago, wakaubandika majina yanayosikika ya Kizungu au ya Wamarekani Weusi bila kujali sifa. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2004, majina ya Kizungu yalipata mwito wa usaili kwa takriban asilimia 50 zaidi. Sidhani kila mwajiri yule alikaa akakusudia kubagua. Ndiyo maana semina ya siku moja ya kujitambua siipi uzito mkubwa, ingawa najua hapo najiharibia soko.

Ninachopendekeza ni kazi ya mikono. Majina yafichwe kwenye mchujo wa kwanza. Kila msailiwa aulizwe maswali yaleyale. Na kila msaili aandike alama zake kabla hajafungua mdomo kwa wenzake. Hili watu hulipuuza, nami ndilo ninalong'ang'ania. Bosi akishasema "huyu nimempenda," kalamu za wengine zote zinaelekea hukohuko.

Kuhusu ulemavu, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 uko wazi: kumnyima mtu marekebisho yanayofaa, yasiyo mzigo uliopitiliza, ni ubaguzi. Watu wakisikia marekebisho huwaza lifti na gharama. Waza kikao chenye mshiriki kiziwi. Mwenyekiti anageukia ubao huku anaendelea kusema. Kama mshiriki anasoma midomo, sentensi hiyo imempita. Yupo mkalimani wa lugha ya alama, sawa, lakini watu wawili wakidakizana atafasiri nani? Kisha mmoja anamwambia mkalimani, "Mwambie kwamba…", na mwenyewe yupo mbele yake. Kunyoosha mkono, kusema mmoja mmoja, kumtazama unayesema naye: haya hayana bei. Na muulize mwenyewe anachohitaji, maana viziwi wawili huenda wakataka vitu viwili tofauti kabisa.

Linaloniletea maswali mengi zaidi ni utani: wa kabila, wa dini, wa umbo la mtu. Anayelengwa hucheka pamoja na wengine kwa sababu kutocheka kunamgharimu, kwa hiyo kicheko chake si ruhusa. Usitoe hotuba. Uliza kwa sauti ya kawaida, "Sijaelewa, hapo pa kuchekesha ni wapi?" Mtu akitakiwa kuufafanua utani wa aina hiyo, mara nyingi huuacha njiani.

Baadaye mtafute aliyelengwa mkiwa wawili tu, umuulize anataka nini kabla hujakimbilia kwa wakubwa. Wapo wanaotaka lishtakiwe, wapo wanaotaka tu kujua kwamba kuna mwingine aliyesikia. Ikiwa mtani ni bosi wake, umshauri aliyelengwa aanze siku hiyohiyo kuandika tarehe, maneno yenyewe na waliokuwepo.