Gari jipya la umeme likisumbua, tamka kwamba unalikataa

Majira ya baridi yaliyopita alinipigia simu dada mmoja muuguzi anayeishi Leicester. Ilikuwa saa nne na nusu usiku, naye amekaa ndani ya gari lake nje ya nyumba. Gari ni la umeme, jipya, lina siku 41 tangu akabidhiwe. Alinitumia video: taa nyekundu inawaka kwenye tundu la chaji, waya umeganda hautoki, na kioo cha dashibodi kinasema chaji imesimama kwenye asilimia 19. Zamu yake inaanza alfajiri. "Kaka, nimewabembeleza hawa watu mwezi mzima," aliniambia.

Kazi yangu ni kushauri watu wenye migogoro ya magari hapa Uingereza, na wengi wanaonifikia ni Waswahili wenzangu. Neno hilo la kubembeleza nalisikia kila mara, na linaniuma, maana ndilo linalowakosesha watu fedha zao.

Sisi tumelelewa kuomba. Mtu anafika kwa muuzaji na kusema, "Samahani, naomba mniangalizie gari, haliingizi chaji vizuri." Ni adabu, na simwambii mtu aiache. Lakini maneno hayo, kwa jicho la sheria, ni ombi la kutengenezewa. Hujakataa gari. Na kukataa gari kuna muda wake.

Sheria ya Haki za Walaji ya mwaka 2015 inampa mnunuzi siku 30 za kurudisha bidhaa mbovu na kulipwa fedha zake zote, bila kukatwa hata senti. Ukiomba matengenezo ndani ya siku hizo, hesabu inasimama. Gari likirudi mikononi mwako hesabu inaendelea kwa siku zilizobaki, na kama zilibaki chache mno unapewa angalau siku saba. Zikipita, bado una haki, ila ni haki nyingine: muuzaji anapata nafasi moja ya kutengeneza au kukubadilishia, na akishindwa ndipo unaweza kulikataa gari. Hapo sasa anaruhusiwa kukata kiasi kwa ajili ya matumizi uliyolifanyia. Kwa bidhaa nyingine makato hayo hayaruhusiwi katika miezi sita ya mwanzo. Kwa magari yanaruhusiwa tangu mwanzo, jambo ambalo wengi hawalijui.

Twende kwenye hesabu ya huyu dada. Alipeleka gari siku ya 12. Likakaa gereji, likarudi siku ya 17. Alikuwa ametumia siku 12, kwa hiyo zilibaki 18, na mwisho wake ni siku ya 35. Siku ya 20 chaji ikakata tena. Akapiga simu, akaambiwa tunasubiri programu mpya kutoka kiwandani. Akapiga tena, jibu lile lile. Alipokuja kwangu siku ya 41 alikuwa amechelewa siku sita tu. Angeandika barua pepe ya mistari mitatu siku ile ya 20, angerudishiwa kila kitu.

Tukabaki na ile haki ya pili. Muuzaji alidai kwamba hajawahi kutengeneza chochote, kwa sababu fundi hakuona hitilafu. Nikamwomba dada anitumie karatasi aliyopewa gereji. Juu imeandikwa lalamiko lake: gari linakata chaji nyumbani. Chini, kwa herufi ndogo, fundi ameandika kwamba amepakia programu mpya ya mfumo wa chaji. Kwangu hayo ni matengenezo, sawa na kubadilisha kipuri: lalamiko limepokelewa, kazi imefanywa, ubovu umerudi. Karatasi hiyo moja ndiyo iliyobeba kesi nzima. Kwa hiyo usitoke gereji bila karatasi, na ihakiki pale pale kaunta kwamba lalamiko lako limeandikwa kama ulivyolisema.

Katika magari ya umeme kuna kipimo ambacho mwenye gari anaweza kukifanya mwenyewe. Chaji ya nyumbani ni umeme wa AC (mkondo geu), na betri haipokei AC. Ndani ya gari kuna chaja inayougeuza kuwa DC (mkondo mnyoofu) kabla haujaingia kwenye betri. Zile chaja kubwa za barabara kuu hutoa DC moja kwa moja na kuipita chaja hiyo ya ndani. Basi gari likikataa AC nyumbani, likakataa pia kwenye chaja za AC mbili tofauti mtaani, halafu likapokea DC bila tatizo, mashaka yanaiangukia chaja ya ndani ya gari, na muuzaji hawezi tena kulaumu nyaya za nyumba yako. Dada alifanya hivyo kwa jioni mbili, akipiga picha ya kila kioo, saa na mahali vikionekana. Hili lina uzito mkubwa zaidi ukitaka kukataa ndani ya siku 30, kwa kuwa hapo ni wewe wa kuthibitisha ubovu. Ukifuata njia ya matengenezo, ubovu unaojitokeza ndani ya miezi sita huchukuliwa kuwa ulikuwapo siku ulipokabidhiwa gari, isipokuwa muuzaji athibitishe vinginevyo.

Nami sibebi kila lalamiko. Gari kwenda maili pungufu ya zile za tangazo wakati wa baridi, peke yake si ubovu. Maili za tangazo hupimwa maabara, kwenye joto la nyuzi 23, na Januari ya Leicester haifiki huko.

Tena, angalia nani hasa alikuuzia. Kama gari limenunuliwa kwa mkopo wa marejesho ya kila mwezi ambapo kampuni ya mkopo ndiyo mmiliki hadi umalize, kisheria aliyekupa gari ni kampuni hiyo. Barua iende kwao, nakala kwa muuzaji. Iandike kwa Kiingereza na litumie neno lenyewe, reject, yaani kulikataa. Taja tarehe ya kukabidhiwa gari, ubovu, na tarehe ya matengenezo yaliyoshindwa. Usisitishe marejesho kwa hasira, maana rekodi yako ya mikopo itaharibika wakati bado unadai. Lipa huku ukiandika kwamba unalipa bila kuacha dai lako. Na ukishalikataa gari, liegeshe. Kila maili unayoendelea kwenda ni hoja unayowapa unaowadai.

Kampuni ya mkopo ina wiki nane za kutoa jibu la mwisho. Zikipita, au jibu lisipokuridhisha, unapeleka shauri bila malipo kwa Financial Ombudsman Service, taasisi inayoamua migogoro kati ya wateja na kampuni za fedha, na ukishapata jibu hilo una miezi sita ya kufanya hivyo.

Madereva wenzetu wa London, ninyi someni hapa kwa makini. Tangu Januari 2023 gari linalosajiliwa kwa mara ya kwanza kwa kazi ya kubeba abiria wanaoagiza gari mapema, kwa simu au kwa programu, lazima liweze kwenda bila moshi, na ndiyo maana wengi mmeingia kwenye umeme. Lakini sheria ya walaji inamlinda anayenunua hasa kwa matumizi yake binafsi. Ukinunua gari kwa ajili ya kazi, siku 30 hizo si zako, wala dhana ile kwamba ubovu wa miezi sita ya mwanzo ulikuwapo tangu siku ya kukabidhiwa. Unaweza kulikataa gari kabla ya kuhesabiwa kwamba umelikubali, na kukaa nalo kimya kwa muda mrefu huhesabiwa kuwa umelikubali. Kwenu ninyi kukawia ni hatari maradufu.

Kampuni ya mkopo ya dada ilikubali katika wiki ya sita. Walifuta mkataba, wakarudisha kianzio na marejesho, wakakata kwa maili alizotumia. Siku lori lilipokuja kulichukua nilimwambia apige picha ya mita ya maili na ya kila upande wa gari, apate saini ya dereva, na akabidhi funguo zote mbili pamoja na waya wa chaji uliokuja na gari. Waya ulikuwa bado umening'inia gereji ya nyumbani. Alikumbuka dereva akiwa tayari anafunga mikanda.