Alichokijua Billy Casper: somo la Kes kwa wanaoongoza watoto

Nikianza kuandaa watoto kwa ajili ya filamu, kwanza nawaonyesha wenzangu wa kamera darasa la Mwalimu Farthing katika Kes, filamu ya Ken Loach ya mwaka 1969. Ilirekodiwa Barnsley, wakati huo mji wa migodi ya makaa ya mawe kaskazini mwa Uingereza. Mhusika mkuu, mvulana Billy Casper, yuko mwishoni mwa masomo, na shule yake ni ya wale walioshindwa mtihani wa mchujo wakiwa na miaka 11. Nyumbani kaka yake Jud anampiga, shuleni wenzake wanamchokoza, na ajira iliyo karibu ni kushuka mgodini, jambo asilotaka hata kulisikia.

Katika darasa hilo la Farthing, mwalimu anamtaka asimulie jambo la kweli. Anaanza kwa kusitasita. Kisha anaeleza anavyomfunza kozi wake, ndege mwindaji aitwaye Kes: vikanda vya ngozi miguuni, nyama kwenye glovu, ndege anaruka umbali mfupi, halafu mrefu zaidi akiwa amefungwa kamba, hadi siku ya kumwachia huru. Anaandika ubaoni maneno ya ufugaji ambayo hakuna mwingine darasani anayeyajua. Wale wale waliokuwa wakimcheka wametulia wanamsikiliza.

Yule mtoto haigizi ujuzi. David Bradley, kijana wa hapo hapo Barnsley aliyeigiza Billy, alifundishwa kushika kozi na Richard Hines, ndugu wa Barry Hines aliyeandika riwaya iliyozaa filamu hii. Kwa hiyo anaposimulia, anakumbuka alichofanya kwa mikono yake. Ndiyo maana nasisitiza: ukimwagiza mtoto "huzunika", atakunja uso tu. Mpe kazi halisi, aizoee mpaka aimudu, ndipo umuulize habari zake mbele ya kamera. Chris Menges, mpiga picha wa filamu hiyo, alimsaidia Bradley kwa kusimama mbali na lenzi ndefu na kutegemea mwanga wa asili, hivyo watoto hawakubanwa na mitambo.

Uonevu nao umeshikwa vizuri kwa sababu hiyo hiyo. Mwalimu wa michezo anachezwa na Brian Glover, aliyekuwa mwalimu kweli na mcheza mieleka. Uwanjani anajifanya Bobby Charlton, nyota wa soka wa Uingereza, anawasukuma watoto, anajipa penalti, na Billy mwembamba anawekwa golini kwa kaptula inayompwaya. Baadaye anasukumiwa chini ya bomba la maji baridi. Hakuna muziki wa kutuambia tumwonee huruma.

Lakini kuna jambo nalikataa. Katika ofisi ya mkuu wa shule, fimbo zilikuwa za kweli, na machozi ya yule mdogo aliyekuja na ujumbe tu, akachapwa pamoja na wakosaji, ni ya kweli pia. Loach alitaka ukweli, akaupata kwa kuwaumiza watoto wasio na uwezo wa kukataa. Kwa kozi alikuwa na subira ya kungoja Bradley ajifunze. Kwa hawa hakuwa nayo. Tukio kama hilo ningelirekodi nje ya mlango, nikabaki na nyuso za wanaosubiri zamu yao. Kwangu fimbo haiingii kwenye seti, hata mzazi akiruhusu.