Kivuli cha Dunia hakihusiki: yanayosemwa kuhusu sura za mwezi na ukweli wake

Kila ninapotega darubini, iwe ufukweni Raskazone au kwenye uwanja wa shule yoyote hapa Tanga, swali la kwanza nauliza mimi: kwa nini mwezi wa leo ni nusu? Na jibu, liwe la mwanafunzi wa kidato cha nne, la mzazi wake au la mwalimu mwenzangu wa somo jingine, ni lile lile: "Kivuli cha dunia, mwalimu." Husemwa kwa kujiamini, tena wengine hunitazama kana kwamba nimeuliza swali la watoto. Nimechoka kulijibu mmoja mmoja, kwa hiyo nalimaliza hapa kwa maandishi.

Ukweli wenyewe ni mfupi. Mwezi hauna mwanga wake. Jua huangaza nusu ya mwezi wakati wote, usiku na mchana, na nusu ya pili huwa gizani. Mwezi unapoizunguka Dunia, tunaitazama ile nusu yenye mwanga kutoka pembe tofauti. Ukiwa upande wa Jua, nusu yenye mwanga imetupa mgongo, hatuoni kitu. Ukiwa upande wa pili, nusu hiyo yote inatukabili, nao tunasema umepevuka. Ukiwa kando, tunaona nusu ya ile nusu. Kutoka mwandamo mmoja hadi mwingine ni siku 29 na nusu hivi. Katika muda huo hakuna kinachoukinga mwezi. Sehemu nyeusi unayoiona ni usiku wa huko huko mwezini.

Sasa hicho kivuli. Kipo, sikatai, na mwezi huingia ndani yake mara moja moja. Tukio hilo linaitwa kupatwa kwa mwezi, na tulilishuhudia Jumapili ya tarehe 7 Septemba 2025. Kivuli kilianza kuumega mwezi saa 1:27 usiku kwa saa za Afrika Mashariki. Ilipofika saa 2:30 mwezi wote ulikuwa umemezwa na kugeuka mwekundu wa shaba, ukabaki hivyo hadi saa 3:52, na kabla ya saa 5 ulikuwa mzima tena. Piga hesabu mwenyewe: kivuli kilihitaji saa moja na dakika tatu tu kuumeza mwezi mzima. Kutoka mpevu hadi kutoweka, mwezi huchukua wiki mbili. Kivuli gani hiki chenye haraka namna ile siku moja, halafu siku zote zilizobaki kinajikokota?

Tazama na ukingo. Pale mwezi ulipo, upana wa kivuli cha Dunia ni kama kilomita 9,200, karibu mara 2.7 ya upana wa mwezi wenyewe. Duara kubwa likiumega duara dogo, ukingo wa mmego lazima uingie ndani. Chukua sinia na kisosi, funika kisosi kidogo kidogo uone unapata maumbo gani. Hutapata mstari ulionyooka wa mwezi nusu, seuze ule mwezi wa siku ya kumi au kumi na moja, ambao umevimba pande zote mbili. Nimewapa watu wazima sinia na kisosi wakahangaika mpaka wakacheka wenyewe.

Kosa hili silaumu wanafunzi. Nalaumu ule mchoro wa vitabuni: Jua kushoto, Dunia katikati, mwezi umewekwa kidole kimoja kutoka Dunia. Mtoto mwenye akili akiutazama anajiuliza mwangaza utaufikiaje mwezi ulioko nyuma ya Dunia, na anajijibu kwa kivuli. Mchoro haumwambii kwamba mwezi uko umbali wa wastani wa kilomita 384,400, yaani ungeweza kupanga Dunia 30 mstari mmoja katikati yetu na wenyewe. Wala haumwambii kwamba njia ya mwezi imeinama kwa nyuzi 5 hivi kutoka kwenye njia ya Dunia kulizunguka Jua. Nyuzi 5 angani ni upana wa miezi mipevu kumi iliyopangwa. Ndiyo maana mara nyingi mwezi mpevu hupita juu au chini ya kivuli bila kukigusa, na ndiyo maana hatupati kupatwa kwa mwezi kila mwezi.

Kama bado una shaka, fanya jaribio langu nilipendalo kuliko yote. Halihitaji darubini wala umeme. Subiri wiki moja baada ya mwezi kupevuka, utoke nje saa 3 asubuhi siku isiyo na mawingu, uangalie magharibi. Mwezi uko pale, nusu, umepauka lakini unaonekana, na Jua liko mashariki nyuma yako. Chukua chungwa, nyosha mkono, ulielekeze pale pale ulipo mwezi. Funga jicho moja. Chungwa litakuwa na nusu yenye mwanga na nusu yenye giza, na mstari unaozitenganisha utakaa kama ule wa mwezi: upande wa juu mwanga, upande wa chini giza. Jua lile lile linavipiga vyote viwili kutoka upande mmoja, na wewe unavitazama vyote kutoka mahali pamoja.

Kisha tazama chini. Kivuli chako kimeanguka mbele yako, na kivuli cha kichwa chako kinaonyesha hasa upande ambao kivuli cha Dunia kimeelekea: ardhini, chini ya upeo wa magharibi. Mwezi uko juu, nyuzi 90 kutoka huko. Nionyeshe basi hicho kivuli kinapandaje kuufuata. Hapo ndipo wengi hunyamaza, na wachache hushusha chungwa na kuanza kulimenya.

Ushahidi wa mwisho ni wa Rujewa, kule Mbarali mkoani Mbeya, tarehe 1 Septemba 2016. Watu walisafiri kutoka kila pembe ya nchi kwenda kuona Jua likipatwa hadi kubaki pete. Lililokinga Jua siku ile ni mwezi, na ilikuwa siku ambayo mwezi hauonekani usiku kabisa. Kwa mujibu wa nadharia ya kivuli, mwezi usioonekana ungekuwa umejificha nyuma ya Dunia. Kumbe ulikuwa mbele, kati yetu na Jua, mchana kweupe.

Hilo limekwisha. Yaliyobaki hayanichukulii muda mrefu.

"Mwezi hutoka usiku, Jua hutoka mchana." Waambieni watoto wainue vichwa. Mwezi wa robo ya kwanza, yaani ule nusu wa wiki moja baada ya kuandama, huchomoza karibu saa 6 mchana na kuzama karibu saa 6 usiku. Wa robo ya mwisho, yaani ule nusu wa wiki moja baada ya kupevuka, huchomoza karibu saa 6 usiku na kuzama adhuhuri. Ni mpevu pekee unaokaa usiku kucha, na kwetu pwani huchomoza kutoka baharini Jua likikaribia kuzama. Kila siku mwezi huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50. Mtu akikuhadithia kwamba aliona mwezi mchanga ukichomoza usiku wa manane, mpe kahawa, usimpe hoja.

"Mwezi nusu hutoa nusu ya mwanga wa mpevu." Ni karibu sehemu ya kumi tu. Jua linapoumulika mwezi kwa ubavu, milima na mashimo yake hutupa vivuli virefu, na uso wote hufifia. Wavuvi wa dagaa wanaotumia taa wanalijua hilo kwa mifuko yao: mbalamwezi ya mpevu huwapumzisha, lakini mwezi wa robo hauwatishi, hasa ule wa kwanza ambao ukishazama usiku unabaki wao.

"Bamvua huja mwezi ukipevuka." Bamvua, yaani bahari kujaa na kupwa sana, huja wakati huo, ndiyo, lakini huja pia mwezi unapoandama. Nyakati zote mbili Jua, mwezi na Dunia viko karibu mstari mmoja, na mvuto wa Jua na wa mwezi husaidiana. Vikiwa pembe mraba, yaani mwezi ukiwa nusu, tunapata maji mafu, bahari hujaa na kupwa kidogo tu. Mvuvi yeyote atakueleza hivyo bila kufungua kitabu. Wanaokosea ni wageni wa mjini wanaopanga safari ya kisiwani kwa kutazama mwezi wakati mmoja tu.

"Mwezi ukilala chali ni dalili ya mvua", na wengine husema kinyume chake, kwamba ukilala umeyashika maji. Sisi tuko karibu na ikweta, kwa hiyo Jua huzama karibu wima, na mwezi mchanga unaolifuata huangazwa kutoka chini. Kulala ndiyo kawaida yake hapa. Ule mwezi uliosimama wima unaouona kwenye vitabu na kwenye simu umechorwa na watu wa mbali na ikweta. Hata hapa mlalo wake hubadilika: Juni na Desemba hulala karibu sawasawa, Machi huinamia upande mmoja na Septemba upande wa pili. Kwa kuwa masika nayo huja na kalenda, watu wameviunganisha. Mlalo ule hurudi mwaka hadi mwaka, mvua inyeshe isinyeshe.

"Kalenda imesema mwezi umezaliwa saa 10 alasiri, mbona leo hatukuuona?" Hili huja kila Shaabani ikikaribia kuisha, na simu yangu haipoi. Saa inayotajwa na wanajimu ni ile mwezi unapopita upande wa Jua. Wakati huo haumulikiwi upande wetu, na umezama ndani ya mng'ao wa Jua. Kwa macho matupu, mwezi wenye umri chini ya saa 15 usitegemee kuuona, na mara nyingi huhitaji zaidi ya saa 20 na anga safi. Hukumu ya kufunga na kufungua ni ya masheikh, sina neno. Mimi huulizwa kama inawezekana kuuona, na kuna jioni ambazo jibu ni hapana hata kama watu kumi wameapa.

"Upande wa pili wa mwezi ni giza la milele." Kuna upande ambao hatuuoni kutoka duniani, lakini Jua linauona. Mwezi ukiwa mwandamo kwetu, upande ule una mchana kamili. Chombo cha Kisovyeti, Luna 3, kiliupiga picha mwaka 1959, na tarehe 3 Januari 2019 Wachina walitua huko na Chang'e 4, chombo kinachotumia umeme wa jua. Umeme wa jua, kwenye giza la milele?

Na nyinyi wachoraji wa kadi za Idi, ninawapenda, ila ile nyota mnayoiweka katikati ya pembe za mwezi haiwezi kukaa hapo. Nafasi ile si tupu. Ni mwili wa mwezi wenyewe, ule ulio usiku, na siku ya pili au ya tatu unaweza kuuona ukiwa umefifia, umeangazwa na mwanga unaoakisiwa na Dunia. Nyota ya kuonekana pale ingebidi iwe mbele ya mwezi, na iliyo karibu zaidi nasi baada ya Jua iko umbali ambao mwanga huusafiri kwa zaidi ya miaka minne. Kutoka mwezini mwanga hutufikia kwa sekunde 1.3.